Maswali ya Wasomaji: Kumfuata Naguib Mahfouz kwa Miguu Mjini Cairo

Toleo lililopita tuligusia kwa ufupi matembezi ya miguu katika mitaa ya Cairo alimozaliwa, alimofanya kazi na alimonywea kahawa Naguib Mahfouz, mwandishi wa Misri aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1988. Barua zimekuja nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

*Nitakuwa Cairo siku moja tu, nikisubiri ndege ya kuunganisha. Nianzie wapi na nitamaliza kwa muda gani?*
Msomaji, Nairobi

Kwa siku moja, shika Gamaliya, mtaa alikozaliwa, na mitaa inayoizunguka, na mikahawa ya katikati ya jiji uiache kwa safari nyingine. Cairo ya Mahfouz ni mbili. Kuna ile aliyozaliwa tarehe 11 Desemba 1911, ambayo ndiyo imejaa katika riwaya zake za miaka ya 1940 na 1950. Halafu kuna ile ya utu uzima wake, ya Tahrir na ukingo wa Nile. Kati ya hizo mbili kuna msongamano wa magari usio na huruma, na anayetaka zote kwa siku moja mara nyingi huishia kuiona Cairo kwenye kioo cha teksi.

Panda metro, laini ya 3, ushuke kituo cha Bab al-Shaariya. Tembea kuelekea mashariki dakika 15 hadi 20 mpaka lango la Bab al-Futuh, lililojengwa mwaka 1087. Ukipita langoni uko Mtaa wa al-Muizz, na kuanzia hapo kazi yako ni kushuka kusini mpaka Bab Zuwayla, kama kilomita moja na nusu. Umbali ni mdogo, ila vituo ni vingi. Weka saa nne, pamoja na kahawa. Anza saa tatu asubuhi, majengo ya kale yanapofunguliwa na kabla jua halijawa kali.

Ukiamua kwenda kwa teksi, usimwambie dereva “Cairo ya Kale”. Watalii wengi hupotelea hapo. Kwa watu wa Cairo, Misr al-Qadima ni eneo jingine kabisa, la makanisa ya Kikopti, kilomita kadhaa kusini. Sema “al-Husayn”, yaani msikiti, na hakuna dereva atakayekuuliza mara mbili. Tatizo ni kwamba al-Husayn iko katikati ya njia, kwa hiyo itakubidi upande kwanza kaskazini halafu urudi.

Siku nazo zina mambo yake. Ijumaa maduka mengi hayafunguliwi mpaka baada ya swala, na misikiti haipokei watalii wakati huo. Jumapili maduka mengi ya soko la Khan el-Khalili hufungwa. Jumamosi, Jumatatu na Jumanne huwa hazina matata. Mwezi wa Ramadhani, geuza mpango mzima: mchana mikahawa imelala, na uhai huanza baada ya futari.

*Ndugu Mhariri, nimesoma ile trilojia. Nyumba ya Bwana Ahmad Abd al-Jawad iko wapi hasa? Ipo mpaka leo?*
Msomaji, Zanzibar

Nyumba hiyo ni ya kubuni, kwa hiyo usimlipe mtu yeyote atakayejitolea kukuonyesha. Mtaa wenyewe, hata hivyo, ni wa kweli, na Mahfouz aliuchora kwa uaminifu kiasi kwamba unaweza kusimama mahali ambapo mama wa nyumba ile, Amina, angeweza kupaona kutoka dirishani.

Riwaya tatu za trilojia, zilizotoka mwaka 1956 na 1957, zimepewa majina ya mitaa. Bayn al-Qasrayn ni kipande cha al-Muizz chenye makuba na minara. Qasr al-Shawq uko Gamaliya, upande wa mashariki. Huko ndiko anakohamia Yasin, mtoto mkubwa. Al-Sukkariyya uko kusini kabisa, ndani kidogo ya Bab Zuwayla, wanakoolewa mabinti wawili. Kwa hiyo ukishuka kutoka Bab al-Futuh hadi Bab Zuwayla umepita vitabu viwili kati ya vitatu, na kile cha pili kiko vichochoro vichache tu kushoto kwako.

Mwanzoni mwa riwaya ya kwanza Amina anatazama nje usiku kupitia mashrabiya, lile dirisha la mbao zilizosukwa, na mbele yake kuna jengo lenye birika la maji chini na chuo juu. Wengi hulihusisha na sabili ya Abd al-Rahman Katkhuda ya mwaka 1744, na ukiifikia utaona kwa nini. Imesimama pale al-Muizz inapogawanyika pande mbili, kama pua ya jahazi. Chini kuna vyuma vya kusukwa ambavyo kupitia kwake wapita njia walipewa maji ya bure. Juu kuna baraza la wazi la nguzo na mbao, ambako watoto walisomeshwa Kurani. Usiipite upesi. Simama upande wa kusini, uipe mgongo barabara ya kwenda Bab Zuwayla, uinue macho: baraza lile liko usawa wa dirisha la ghorofani, na mtu aliyefungiwa ndani kwa miaka angeweza kuwahesabu watoto wote waliosoma humo.

Duka la Bwana Ahmad, mwandishi ameliweka mtaa wa al-Nahhasin, mkabala na msikiti wa Barquq, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Na ile safari ya Amina kwenda kuzuru al-Husayn bila ruhusa ya mume, iliyomletea kuvunjika mfupa na kufukuzwa nyumbani, ni mwendo wa dakika kumi hivi. Itembee yote. Ufupi wake utakufundisha zaidi kuhusu ndoa ile kuliko uhakiki mwingi ulioandikwa.

*Nyumba aliyozaliwa je?*
Msomaji, Bujumbura

Haipo tena. Ilikuwa katika uwanja wa Bayt al-Qadi, na kufika hapo kwenyewe ndiko utamu wa matembezi haya.

Ukitoka kwenye sabili ya Katkhuda kuelekea kusini, mkono wa kushoto utaona kasri la Bashtak. Ubavuni mwake kuna kichochoro cha Darb Qirmiz. Ingia. Baada ya hatua chache njia inapita chini ya jengo lenyewe, maana madrasa ya Mithqal ya karne ya 14 imejengwa juu ya kichochoro, na unatembea gizani chini ya dari la mawe kama mtu aliyeingia handaki. Kuba hilo la Qirmiz lilimkaa Mahfouz moyoni tangu utotoni, na vichochoro vyenye giza la namna hiyo vinajirudia katika vitabu vyake mpaka mwisho. Ukitokea upande wa pili, fuata njia mpaka uwanja wa Bayt al-Qadi. Utautambua kwa baraza refu la matao matano, la amiri Mamay, la mwaka 1496.

Kutoka dirisha la nyumba yao uwanjani hapo, Mahfouz akiwa mtoto wa miaka saba aliyaona maandamano ya mapinduzi ya 1919 na askari wa Kiingereza wakiwafyatulia risasi waandamanaji. Mambo hayo ndiyo yanayokuja kufunga riwaya ya Bayn al-Qasrayn.

Tahadhari moja: kituo cha polisi cha Gamaliya kiko hapo hapo. Tia simu mfukoni. Kupiga picha za matembezi si kosa Misri, lakini polisi na majengo yao ni habari nyingine, na ofisa hatakuuliza kama ulikuwa unalenga baraza la Mamay. Kurudi, shika mtaa wa Bayt al-Qadi kuelekea magharibi. Unakutoa al-Muizz, mbele ya jengo la Qalawun.

*Nilikwenda Khan el-Khalili mwaka juzi nikitafuta ule uchochoro wa Midaq. Nilizunguka saa nzima, kila mtu ananipeleka dukani kwake. Nilikosea wapi?*
Msomaji, Tanga

Bila shaka uliutafuta ndani ya soko. Zuqaq al-Midaq hauko kwenye vichochoro vya mapambo na vinyago. Uko kusini ya hapo, upande wa wauza manukato na viungo, na hauna cha kumvuta mtalii, ndiyo maana watu wa soko wanaona afadhali wakupeleke kwingine.

Simama pale al-Muizz inapokatana na mtaa wa al-Muski. Shuka kusini kwa al-Muizz na ukate kushoto njia ya kwanza, ambayo ni al-Sanadiqiyya. Nenda polepole ukitazama kushoto: kichochoro cha kwanza, chembamba mno, chenye vidato vya mawe vinavyopanda, ndicho hicho. Ukifika barabara kubwa ya al-Azhar umekipita. Ukiwa katikati ya maduka ya shaba na taa za vioo, hata mtaa wenyewe hujaufikia.

Kuhusu kibao cha jina, kwa miaka mingi kimekuwa hakitundikwi ukutani; mtu hukitoa ndani akakuonyesha kwa bakshishi. Ni hiari yako. Kichochoro chenyewe ni kifupi na hakitoki popote, na huo ndio ukweli wa riwaya ya mwaka 1947: kinyozi, mwuza basbusa, daktari wa meno asiye na cheti na yule msichana Hamida wamebanana mahali ambapo kila mtu anasikia kikohozi cha mwenzake. Dakika tano zinatosha. Anayetarajia makubwa ataondoka amenuna. (Wameksiko waliigeuza hadithi hii filamu mwaka 1995, wakaihamishia kwao, na haikupwaya hata kidogo.)

*Assalaam alaykum. Mimi ni mwanafunzi wa al-Azhar, natoka Lamu. Ninaishi karibu lakini sina fedha za tiketi. Kuna cha kuona bure?*
Msomaji, Cairo

Waalaykum salaam. Wewe umekaa juu ya hazina. Al-Muizz yote, Darb Qirmiz, Bayt al-Qadi, Midaq na al-Sukkariyya ni njia za umma, hazina mlango wala tiketi. Tiketi ni za kuingia ndani ya majengo, na kwa kipande cha al-Muizz huuzwa kwenye jengo la Qalawun. Beba kitambulisho cha mwanafunzi, maana bei ya wanafunzi huwa nusu. Maeneo mengi ya kale Misri siku hizi yanapokea kadi ya benki tu, kwa hiyo wasio nayo waulize dirishani kabla hawajapanga foleni.

Kwako wewe tunapendekeza pahali pawili ambapo wengi hupita bila kujua. Pa kwanza ni jengo la al-Ghuri, la mwanzoni mwa karne ya 16, ng’ambo ya barabara ya al-Azhar, lililosimama pande zote mbili za al-Muizz. Mahfouz alikuwa mtumishi wa serikali kwa miaka 37, tangu 1934 hadi 1971, na mwaka 1945 aliomba mwenyewe kuhamishiwa maktaba ya kaburi la al-Ghuri. Kazi yake ilikuwa kushughulikia mpango wa mikopo isiyo na riba, ambapo wenyeji wa mtaa alikozaliwa walikuja mmoja mmoja kueleza shida zao. Kwa mwandishi wa riwaya, nafasi kama hiyo haipatikani hata kwa kuinunua.

Pa pili ni makumbusho yake, yaliyofunguliwa Julai 2019 ndani ya takiya (makazi ya masufi) ya Abu al-Dhahab, jirani kabisa na msikiti wako wa al-Azhar. Humo mna meza yake, medali na vyeti, vitabu na vitu alivyovitumia kila siku. Watu hupita mlangoni wakidhani ni msikiti mwingine. Soma maandishi juu ya mlango.

*Nakuja na mama yangu, ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Pia sisi ni wanawake wawili peke yetu. Mnatushauri nini?*
Msomaji, Muscat

Shikamoo yetu mfikishie mama. Msipite njia ndefu. Teksi iwashushe uwanja wa al-Husayn, mwingie al-Muizz kupitia Khan na mpande kaskazini hadi sabili ya Katkhuda, kisha mrudi. Ni chini ya nusu kilomita kwenda, njia ni tambarare ya mawe, na kuna vibaraza vya kupumzikia mbele ya majengo. Viatu vya soli nene, si kandambili: mawe yale yamelainika na huteleza yanapomwagiwa maji asubuhi. Magari yamezuiwa mchana, ila pikipiki na mikokoteni hupita, tena kwa nyuma bila honi. Mama akae upande wa ukutani.

Achaneni na minara ya Bab Zuwayla, ngazi zake ni nyembamba na ndefu. Kuvuka barabara ya al-Azhar msijaribu juu kwa juu. Tumieni njia ya chini ya barabara iliyo kati ya al-Husayn na al-Azhar, ingawa ina ngazi, mpumzike katikati.

Msikiti wa al-Husayn una mlango wa wanawake peke yake. Ijumaa na siku za maulidi ya al-Husayn msongamano wa watu ni mkubwa mno kwa mtu mzima mwenye magoti. Wasio Waislamu kwa kawaida hawaingizwi humo. Kwa wanawake wawili, mchana eneo lote limejaa familia. Wachuuzi watawaita, “la, shukran” mara moja, bila kusimama, inatosha. Ukisimama kueleza kwa nini hununui, umeshaanza kununua.

*Ni mkahawa upi hasa aliokuwa akikaa? Kila kitabu cha watalii kinataja wake.*
Msomaji, Dar es Salaam

Vyote vinaweza kuwa sawa, kwa sababu alikuwa nao mingi na kila mmoja ulikuwa na wakati wake. Alikuwa mtu wa ratiba kiasi kwamba watu walisema unaweza kurekebisha saa kwa kumtazama akipita.

Al-Fishawi, kando ya al-Husayn, ndio wa karibu na utoto wake: vioo vikubwa vilivyofifia, viti vimebanana kichochoroni, na hufunguliwa karibu usiku na mchana. Nenda asubuhi mapema. Jioni ni wauza saa na wapiga picha. Katika mikahawa yote ya eneo hilo, uliza bei kabla hujakaa, na chupa ya maji au karanga zilizoletwa bila kuagizwa zirudishe pale pale, maana zitakuja kwenye hesabu. Kahawa huagizwa pamoja na sukari yake, kwani hupikwa nayo: *sada* haina kabisa, *mazbut* ya wastani, *ziyada* tamu sana. Acha unga utulie chini, na usikoroge.

Ule mgahawa wa Khan wenye jina lake ni wa watalii, umepewa jina kwa heshima yake. Bei ziko juu, ila vyoo ni safi, na kwa matembezi ya saa nne hilo si dogo.

Siku ya pili ndiyo ya katikati ya jiji. Shuka metro kituo cha Ataba, uende uwanja wa Opera. Huko, kwenye mkahawa wa Casino Opera, alikuwa akikutana na waandishi vijana kila Ijumaa. Usitafute jumba la opera: liliungua Oktoba 1971, na mahali pake ni gereji ya magari. Kutoka hapo tembea magharibi hadi mtaa wa Talaat Harb, kwenye Café Riche, uliofunguliwa mwaka 1908. Baraza la Ijumaa lilihamia hapa miaka ya 1960, na kuta zimejaa picha za waandishi na wasanii waliopita. Malizia uwanja wa Tahrir, ambako kila asubuhi alikaa dirishani kwenye ghorofa ya mkahawa wa Ali Baba akisoma magazeti. Duka la vitabu la Chuo Kikuu cha Marekani liko hapo karibu. Wachapishaji wa chuo hicho ndio waliomtoa kwa Kiingereza, na medali ya fasihi yenye jina lake hutolewa nao tangu 1996. Siku yote ya pili ni saa mbili na nusu.

*Mahali aliposhambuliwa ni wapi? Na zile nyumba za kuelea kwenye Nile bado zipo?*
Msomaji, Kampala

Ni Agouza, ng’ambo ya mto, nje ya jengo alilokuwa akiishi kwenye barabara ya Nile. Ijumaa, tarehe 14 Oktoba 1994, akiwa na miaka 82, alichomwa kisu shingoni akiwa ndani ya gari la rafiki, akienda kwenye baraza lake la kila wiki katika Casino Qasr al-Nil, ambao ni mkahawa wa kando ya mto, wala si nyumba ya kamari. Kilichomwokoa ni kwamba Hospitali ya Polisi iko hatua chache tu kutoka hapo. Mishipa ya fahamu ya mkono wa kulia iliharibika, na kwa miaka 12 iliyobaki aliandika mistari michache tu kwa siku. Chanzo kilikuwa riwaya yake ya Awlad Haratina, ambayo wenye itikadi kali waliiona inaitukana dini; ilitoka kwa sehemu katika gazeti la al-Ahram mwaka 1959. Kitabu kilichapwa Beirut mwaka 1967. Chapa ya Misri ilisubiri mpaka alipofariki, Agosti 2006.

Kutoka Tahrir unavuka daraja la simba la Qasr al-Nil, kisha kisiwa cha Gezira, kisha daraja la al-Galaa, halafu unapanda kaskazini na mto. Ni kama kilomita tatu. Nenda alasiri, upande wa mtoni una kivuli cha miti. Jengo ni makazi ya watu, usiingie wala usigonge.

Nyumba za kuelea za ukingo huo, kama ile aliyoiweka katika riwaya yake ya 1966, ziliondolewa na serikali katikati ya mwaka 2022. Ramani nyingi za zamani bado zinazionyesha.

*Nisome kipi kabla ya kwenda?*
Msomaji, Lubumbashi

Zuqaq al-Midaq. Trilojia kwa Kiingereza inapita kurasa 1,300, na anayeianza wiki moja kabla ya safari huifikisha uwanja wa ndege ikiwa robo. Kama nafasi ipo, soma pia sura 30 za mwanzo za Bayn al-Qasrayn. Zinatosha kukufikisha mpaka safari ya Amina, na nyingine utazimalizia ukirudi.